Ukilipa Serikali kwa Simu: Somo kwa Wateja Wetu wa Meru na Embu



Hivi majuzi tulikuwa Makutano, pale Meru mjini, tukisaidia wateja wenye maswali ya malipo. Akaja kijana wa bodaboda kutoka Nkubu, simu mkononi, jasho usoni. Alikuwa na swali moja tu: "Nimelipa 1,050, nikachukuliwa alama za vidole, na mpaka leo sijaona cheti. Pesa yangu iko wapi?"

Alikuwa amepata kazi ya ulinzi Nairobi. Mwajiri alimpa wiki mbili alete cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, na zilikuwa zimebaki siku tatu. Tuliangalia meseji yake ya malipo. Pesa ilikuwa imetoka, imefika Paybill 222222, na nambari ya akaunti ilikuwa sawa. Kwa upande wetu hakukuwa na kosa lolote. Tulipomwambia hivyo alituangalia kama watu wanaomficha kitu.

Tutarudi kwake baadaye. Kwanza tuelewane kuhusu pesa yake ilikopita, kwa sababu siku hizi sisi sote tunapita njia hiyo hiyo.

Foleni imehamia kwenye simu

Ukiwa na umri wa kukumbuka, unajua kupata stakabadhi ya serikali kulivyokuwa. Mtu wa Laare aliamka saa tisa usiku, akapanda matatu hadi Maua, kisha Meru, akafika akaambiwa karani yuko mkutanoni. Wa Kiritiri naye alikwenda Embu mjini, akaambiwa alete picha mbili zaidi, akarudi nyumbani.

Serikali ilianza kubadilisha mambo kwa hatua mbili kubwa. Novemba 2013 ulizinduliwa mpango wa Huduma Kenya, ambao uliweka idara nyingi chini ya paa moja. Leo kuna Huduma Centre Meru, Embu na hata Chuka kwa majirani. Mwaka wa 2014 ikaja eCitizen, mlango wa huduma kwenye intaneti. Kisha tarehe 30 Juni 2023 serikali ikatangaza kwamba zaidi ya huduma 5,000 zimeingia eCitizen, na ikazindua programu ya simu iitwayo Gava Mkononi.

Upande wa malipo, mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023. Zamani karibu kila idara ilikuwa na Paybill yake, zingine hata hazijulikani ni za nani. Hazina ya Taifa ikaagiza malipo ya huduma za serikali kuu yapitie nambari moja: 222222. Sababu ilielezwa wazi. Pesa ikiingia mahali pengi, ni rahisi nyingine kupotelea njiani. Ikiingia mahali pamoja, inahesabika.

Sisi tunaunga mkono wazo hilo. (Ndiyo, kampuni yetu hupata ada watu wakilipa kwa simu, kwa hivyo soma maoni yetu ukijua hilo.) Lakini nambari moja ina jambo lake ambalo wateja wengi hawajalishika vizuri, na hapo ndipo somo la leo lina uzito.

222222 ni mlango tu. Chumba ni nambari ya akaunti

Unapolipa mtu, unaangalia jina. Likitokea jina unalolijua, unaweka PIN. Tumewafundisha hivyo miaka mingi, na bado ni ushauri mzuri.

Kwa 222222 jina halitoshi. Anayelipia pasipoti, anayelipia leseni ya udereva, anayelipia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, wote wataona mpokeaji yule yule. Kinachotenganisha malipo yako na ya watu wengine wote ni ile nambari ya akaunti unayoijaza, yaani nambari iliyo kwenye ankara yako. Ukikosea tarakimu moja, mfumo unaweza kuikataa, na hapo umepona. Lakini ikitokea kwamba nambari uliyoandika ni ya ankara ya mtu mwingine, umelipia mambo yake.

Sasa fikiria mjanja. Anakupigia simu: "Mama, mimi ni ofisa, faili ya mtoto wako iko hapa kwangu, lipa 222222, akaunti ni hii." Wewe unajiambia, hii ni Paybill ya serikali, jina ni la serikali, mwizi hawezi kuila. Ni kweli, hawezi kuitoa. Lakini anaweza kukupa nambari ya ankara yake mwenyewe. Pesa inaingia serikalini, risiti ni halali, na aliyelipiwa ni yeye. Ukija kwetu ukilia, tutaona malipo yaliyofika salama.

Kwa hivyo kanuni yetu ni hii: usichukue nambari ya akaunti kutoka kwa simu ya mtu, meseji ya WhatsApp au karatasi uliyoandikiwa kwa kalamu. Ichukue kwenye ankara iliyo ndani ya akaunti yako ya eCitizen, yenye jina lako na huduma uliyoomba. Afadhali zaidi, anzia malipo ndani ya eCitizen kwenyewe, uache ombi la malipo litokee kwenye simu yako. Hapo hauandiki nambari, unaweka PIN tu baada ya kusoma kiasi.

Na kiasi ukisome kweli. Huduma nyingi zina ada ya shilingi 50 juu ya bei ya huduma yenyewe. Ndiyo maana cheti cha mwenendo mwema cha 1,000 kinalipiwa 1,050. Ada hiyo imelalamikiwa na hata kupingwa mahakamani, lakini kama iko kwenye ankara yako, ukilipa 1,000 badala ya 1,050 ankara itabaki haijakamilika. Anayekuitisha "ya chai" juu ya kiasi cha ankara, huyo anajitafutia yake.

Jambo jingine dogo: tovuti za serikali ya Kenya huishia na .go.ke. eCitizen ni ecitizen.go.ke. Ukiona anwani inayofanana lakini mwisho wake ni kitu kingine, toka.

Akaunti ni ya nani?

Turudi kwa kijana wetu wa Nkubu. Tulimuuliza kama anaweza kuingia eCitizen tuone hali ya ombi lake. Akasema hajui nywila. Tukajaribu kubadilisha nywila, na hapo ukweli ukatoka: nambari ya siri ya kuthibitisha ilikuwa inatumwa kwa simu nyingine kabisa. Siku aliyokwenda saiba kujaza fomu, mhudumu alikuwa na haraka, watu wamejaa, akafungua akaunti kwa nambari ya kitambulisho ya kijana lakini kwa simu na baruapepe yake mwenyewe. Hakukuwa na nia mbaya. Hufanya hivyo kwa wateja kila siku, kwa sababu mteja hana baruapepe, au ameacha simu ikichajiwa nyumbani.

Tatizo ni kwamba hiyo akaunti inabeba maisha yako. Ukihitaji leseni ya udereva kesho, ni akaunti hiyo. Ukitaka kuandikisha jina la biashara, ni hiyo. Cheti cha mwenendo mwema kikiwa tayari, unakipakua humo. Mtu mwingine ndiye ameshika ufunguo, na pengine amesahau hata kwamba anao.

Hatuwaambii muache kwenda saiba. Vijana wa saiba ndio wameibeba kazi hii mabegani, hasa Maua, Runyenjes, Siakago na masoko mengine ambako simu za wengi ni kabambe. Hata simu ikiwa kubwa, kujaza fomu ndefu kwenye kioo kilichopasuka ni kazi. Tunachosema ni: nenda na simu yako, laini yako ikiwa ndani, yenye chaji. Kama huna baruapepe, mwambie akufungulie yako kwanza, na uandike nywila kwenye daftari unaloliweka nyumbani. Nambari ya siri ya kuthibitisha ikifika, iwe imefika kwenye mkono wako. Kabla hujaondoka, ingia mwenyewe mara moja huku yeye akitazama. Dakika tano tu.

Hili la laini ni zito kuliko watu wanavyofikiri. Mkulima anayenunua mbolea ya ruzuku, ule mfuko wa kilo 50 ulioteremshwa hadi shilingi 2,500 mwaka wa 2023, hupata vocha kwa meseji kwenye nambari aliyojiandikishia. Tumekutana na wazee waliojiandikisha kwa nambari ya mtoto ambaye sasa yuko Mombasa. Vocha inaingia Mombasa, mbolea iko kwenye bohari ya NCPB, mvua inanyesha shambani. Na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, nayo unajiandikisha kwa *147# ukitumia simu. Mzee wako akijiandikishia kwa laini yako, basi mjue nyote wawili, na msiitupe laini hiyo.

Sokoni ni hadithi nyingine

Mama mmoja anayeuza nyanya na vitunguu Embu mjini alituuliza kwa nini ushuru wa soko haulipwi kwa 222222 kama mambo mengine. "Si yote ni serikali?" Swali zuri kuliko linavyoonekana.

Jibu liko kwenye Katiba ya 2010. Kaunti ina hazina yake, inayoitwa Hazina ya Mapato ya Kaunti, na pesa inazokusanya zinatakiwa kuingia humo. Kwa hivyo ushuru wa soko, leseni ya biashara, ada ya kuegesha gari, na ushuru wa mazao kama miraa na muguka yakitoka shambani, hayo ni ya kaunti. Meru hata ina Bodi ya Mapato ya kaunti kwa kazi hiyo. Kila kaunti ina njia yake ya kupokea malipo, na njia hizo hubadilika utawala ukibadilika au mkataba wa mfumo ukiisha.

Ndiyo maana hapa hatuwezi kukuandikia Paybill ya kaunti yako. Tukiandika leo, mwakani inaweza kuwa ya zamani, na wewe utaitumia kwa sababu uliisoma kwetu. Iangalie kwenye ofisi ya mapato au kwenye risiti rasmi. Jina likitokea kwenye simu liwe la kaunti. Likitokea jina la mtu, hata akiwa amevaa koti la kaunti na ameshika mashine, usiweke PIN.

Mama yule alikuwa na mazoea yake. Kila asubuhi humpa mkusanyaji pesa taslimu, na siku zingine haulizi risiti kwa sababu mkusanyaji "ni kijana wetu." Tulimwomba afanye hesabu ya mwaka mzima, siku sita kwa wiki. Alinyamaza kidogo, halafu akacheka. Bila risiti, pesa yote hiyo kwenye vitabu vya kaunti inaweza kuwa haipo. Na siku akienda kuomba choo cha soko kirekebishwe, ataambiwa soko lake halileti mapato.

Viwango vya ushuru huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa na bunge la kaunti baada ya wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni. Una haki ya kuuliza kiwango kiko wapi kwenye sheria hiyo. Wengi hatuendi kwenye vikao hivyo, tunangoja kulalamika mkusanyaji akifika.

Kama tungeulizwa, nini kianze?

Serikali ina Mpango Mkuu wa Kidijitali wa 2022 hadi 2032. Ndani yake kuna malengo makubwa: kilomita 100,000 za nyaya za intaneti, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, na kituo cha kidijitali kwa kila wadi, yaani 1,450 nchi nzima. Pia mpango unazungumzia huduma za serikali, ujuzi wa wananchi na ubunifu wa biashara.

Vituo vya wadi tunavipigia makofi. Mtu wa Mutuati akipata mahali pa kujaza fomu bure, karibu na kwao, nusu ya shida tulizozitaja hapo juu zinapungua. Rwanda walifanya kitu kinachofanana: mfumo wao wa Irembo, ulioanza 2015, una mawakala vijijini wanaowasaidia wasio na simu kubwa. Mtu hahitaji kuwa na ujuzi wote, anahitaji mahali pa kuupata.

Lakini sisi tunaopokea simu za wateja tungesogeza mambo mawili mbele ya huduma mpya. La kwanza ni kurudishiwa pesa. Mtu akilipa mara mbili kwa kosa, au akalipia huduma isiyo yake, njia ya kurudishiwa iwe fupi kama njia ya kulipa. Kulipa ni sekunde kumi. Kurudishiwa kusihitaji barua, nakala na safari. Wateja hutuomba tuzuie au tuchote pesa hiyo, na inabidi tuwaeleze kwamba malipo yaliyoingia serikalini hayarudi kama uliyomtumia jirani kwa kukosea. Mpokeaji ndiye anayepaswa kuidhinisha.

La pili ni kuacha mlango mwingine wazi. Mwaka wa 2024 serikali iliagiza wazazi walipe karo za shule za sekondari kupitia eCitizen, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo. Kila mtu anayejua shule za huku alielewa ugumu wake. Kuna mzazi anayelipa karo kwa magunia mawili ya maharagwe na kuni za jikoni. Mfumo unaojua Paybill peke yake haumwoni mzazi huyo.

Na mifumo huanguka. Mwishoni mwa Julai 2023, chini ya mwezi mmoja baada ya uzinduzi ule mkubwa, eCitizen ilishambuliwa mtandaoni na huduma zikasumbua kwa siku kadhaa. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alikiri shambulio na kusema data haikupotea. Tunalolikumbuka sisi ni watu waliolipa mara mbili na mara tatu kwa sababu ya kwanza "haikuonekana." Ukiona meseji yetu ya kuthibitisha lakini eCitizen haionyeshi, usilipe tena. Hifadhi meseji, ngoja, angalia tena kesho yake. Kama bado, peleka malalamiko ukiwa na nambari ya muamala, nambari ya ankara, tarehe na kiasi.

Ukikwama

Anza na sisi kama pesa imetoka kwenye simu na hujui ilikokwenda. Tutakuambia imefika wapi na saa ngapi. Kama imefika 222222, hatua inayofuata ni dawati la msaada la eCitizen au kaunta ya Huduma Centre, Meru au Embu. Nenda na kitambulisho halisi. Ukiwa na meseji ya malipo usiifute, hata kama simu inalia imejaa. Futa picha za harusi ya binamu kwanza.

Ofisi ikikuzungusha, kuna sheria ambayo wengi hawaitumii: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Unaweza kuandika ombi, kwa Kiswahili pia, ukitaka kujua ombi lako limekwama wapi au kiwango fulani cha ada kimetoka wapi. Ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Ikikataa au ikinyamaza, unapeleka suala kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Huhitaji wakili.

Na kijana wa Nkubu? Tulimshauri arudi saiba ile ile siku hiyo hiyo, bila kwenda kwa hasira. Mhudumu alimkumbuka baada ya kuonyeshwa kitambulisho, akafungua baruapepe yake, na cheti kilikuwa kimekaa hapo siku nne, kikingoja kupakuliwa. Wakakichapisha. Kisha wakabadilisha nambari ya simu na baruapepe kwenye akaunti, na safari hii meseji ya kuthibitisha ikaingia kwenye simu ya mwenyewe. Alitupigia jioni akiwa stendi, akiuliza kama cheti kikiloa kwa mvua anaweza kuchapisha kingine bila kulipa tena. Tukamwambia ndiyo, sasa anaweza, akiwa popote.